Wa Tatu wa Mifupa

Athumani Shekigenda alikuwa mganga wa mifupa, mtu wa Handeni, na hakuwahi kuwa na haja ya kuiona nchi ya Ujadini. Aliitwa kwenda kumtazama mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa, akaelekezwa njia na mlevi, naye akaifuata. Mengine ya safari hayamfai mtu yeyote. Tuanzie langoni, maana mambo yaliharibikia hapo.

Langoni palikuwa na foleni fupi. Mbele alisimama mwanamke mwenye kuku wawili, nyuma yake mzee aliyebeba kiti kichwani, na nyuma ya mzee alikuwa Shekigenda na mkoba wake wa fito za mianzi. Karani wa lango, mtu mwembamba aliyeitwa Fumbwe, alikuwa ameinamia kitabu kikubwa kama mlango. Hakuinua uso. Alinyoosha kalamu tu kumwelekea Shekigenda.

"Wewe huko. Wa ngapi?"

Shekigenda akatazama kuku, akatazama kiti.

"Wa tatu."

Kalamu ikasimama. Mwanamke akajitupa pembeni na kuku wake, mzee akashusha kiti chini haraka kama kimeshika moto. Fumbwe akasimama wima, akavaa kofia ambayo ilikuwa mezani.

"Wa Tatu wa nini, Mtukufu?"

Shekigenda alidhani anaulizwa kazi yake. "Wa mifupa," akasema.

"Wa Tatu wa Mifupa," karani akarudia taratibu, huku akifunua kurasa kwa mikono miwili. "Nyumba ya Mfupa tunayo hapa, na iko kwenye wa Kumi na Moja. Ninyi mtakuwa tawi la ng'ambo."

"Sisi wa Handeni," Shekigenda akasema.

"Ndiyo hiyo," karani akasema, na akaandika.

Kisha akatoa sandukuni mifuko miwili ya kitambaa cheupe, mizito, yenye kamba. Akamvalisha Shekigenda mikononi, mmoja kila mkono, akafunga kamba kwenye vifundo kwa fundo ambalo Shekigenda, anayejua mafundo, aliliona la hovyo lakini gumu. Ikawa hawezi kushika kitu. Mkoba wake alibebewa na mzee wa kiti, na kiti akakalia karani.

Alipelekwa kulala kwa mfinyanzi mmoja, mwanamke wa kama miaka arobaini, jina lake Kidawa. Sheria ya Ujadini ni kwamba mgeni mwenye namba hufikia kwa mtu asiye na namba, ili apatikane wa kumlisha. Wasio na namba huitwa watu wa hivihivi. Ndio wanaolima, wanaojenga na wanaopika, na ndio wengi.

"Tanua mdomo, Mtukufu," Kidawa akasema, tonge la ugali likiwa mkononi.

"Dada, nifungulie hizi kamba nile mwenyewe."

"Nizifungue nifungwe mimi? Tanua."

Alitanua. Akala kama kifaranga, huku akiuliza maswali kati ya tonge na tonge, na Kidawa akimjibu bila kuacha kumlisha. Hivyo ndivyo alivyopata kujua desturi za nchi.

Namba ilikuwa ni hesabu ya vizazi, kuanzia babu aliyetenda jambo. Zamani palikuwa na Mfalme mmoja, na watu waliomfanyia mambo. Mmoja alimshikia mwavuli, ikawa Nyumba ya Mwavuli. Mwingine alikiona kiatu chake kwenye matope, ikawa Nyumba ya Kiatu. Wajukuu wa wajukuu wao ndio hao wanaotembea na mifuko. Wa Tatu mifuko yake humfika vifundoni. Wa Sita humfika viwikoni. Wa Kumi na Moja, mabegani.

"Na Mfalme wa sasa?"

"Wa Ishirini na Mbili. Mfuko umemfunika mpaka utosini. Hubebwa siku ya sikukuu. Wengine husema hamna mtu mle, lakini hao ni walevi."

"Kwa hiyo mkubwa kuliko wote ni wa Kwanza," Shekigenda akasema. "Ndiye aliyefanya kitu."

Kidawa akatazama mlangoni kwanza, kisha akamsogezea uso.

"Mtukufu, usilitamke hilo nje. Wa Kwanza ndiye aibu ya kila Nyumba. Alitumia mikono! Watu walimwona. Nasaba ikisomwa, wakifika kwa wa Kwanza wote wanakohoa mpaka apite."

"Na mabinti?"

"Binti huandikwa pembeni kwa penseli. Akiolewa, anafutwa."

Shekigenda akatafuna. Ni mtu ambaye macho yake hayaanzi kwenye uso wa mtu, huanza kwenye viungo, na tangu langoni alikuwa ameona kitu kilichomsumbua. Karani alikuwa na kidole kilichopinda. Mzee wa kiti alichechemea kwa nyonga. Njiani alihesabu mikono mitano na miguu mitatu iliyounga vibaya, halafu akaacha kuhesabu kwa hasira.

"Nani anaunga mifupa hapa?" akauliza.

"Si ninyi?" Kidawa akasema. "Nyumba ya Mfupa."

Siku ya pili Kidawa alikuwa anapanga mitungi kwenye tanuri. Tanuri lake lilikuwa refu kumpita, akawa anapanda ngazi ya miti na mtungi begani, anashuka, anapanda tena. Udongo wa pale ngazi ilipokuwa imesimama ulikuwa umelowa.

"Mtukufu, samahani," akasema akiwa juu. "Kanyaga basi hata kwa mguu, inacheza."

Shekigenda hakungoja mguu. Alirukia ngazi kwa mikono, kwa mazoea ya miaka yake yote, na ile mifuko ikateleza kwenye mti kana kwamba umepakwa sabuni. Ngazi ikaenda upande, Kidawa akaenda upande mwingine. Mtungi ulivunjika na mkono ukavunjika, na Shekigenda aliisikia milio yote miwili na kuitofautisha. Kigasha cha kulia, mifupa yote miwili, karibu na kifundo.

Alipiga magoti karibu yake. Mkono ulikuwa umekunjika mahali ambapo hapana kiungo.

"Nifungulie," akasema. "Tumia meno. Huu naunyoosha sasa hivi kabla haujavimba. Baada ya wiki saba utafinyanga."

Kidawa alikuwa mweupe midomo. Akatikisa kichwa.

"Ukiugusa, nimekwisha."

"Usipoguswa ndiyo umekwisha, dada!"

"Sikiliza wewe. Mfupa ulioungwa kinyume cha sheria huandikwa haukuungwa. Na mwenye mfupa ambao haukuungwa haruhusiwi kusogelea moto. Utaninyoosha mkono, halafu wavunje tanuri langu. Nitakula nini, huo mkono ulionyooka?"

"Mimi si wa Nyumba ya Mfupa? Imeandikwa."

"Wewe wa Tatu. Wa Tatu husoma tu."

"Husoma nini?"

Kidawa akafumba macho kwa maumivu. "Nasaba," akasema.

Msomaji aliletwa kesho yake, kwenye machela. Ni wa Kumi na Moja mwenyewe, Mtukufu Mwinyimvua wa Mfupa, Bwana wa Kilima cha Dodozi, mtu wa makamo kama Shekigenda, mnene kidogo, mwenye adabu. Mifuko yake ilimfika mabegani. Mkono wake wa kushoto aliukunja mbele ya kifua kwa namna ya ajabu, na watumishi wake wote wanne nao walikunja mikono yao ya kushoto vilevile. Shekigenda aliambiwa kwamba hiyo ndiyo heshima ya Nyumba.

"Binamu wa ng'ambo!" Mwinyimvua akasema. "Wa Tatu! Bado mko karibu sana na kazi, poleni. Itapita."

"Ahsante. Mkono wake huu hapa."

"Nauona. Keti tusome."

Kitabu kikashikwa na mtumishi. Kidawa alilazwa mkekani, mkono wake juu ya mto, sasa umevimba kama muhogo. Mwinyimvua akasafisha koo na kuanza.

"Wa Kwanza," akasema, na hapo yeye na watumishi na majirani waliojaa uani wakakohoa kwa muda mrefu. "Wa Pili, alirithi. Wa Tatu, alirithi, akanenepa. Wa Nne alimwoa binti wa Nyumba ya Mwavuli, akapata na cheo cha Bwana wa Kivuli, ambacho hutumiwa na mtoto mkubwa mpaka baba afe. Wa Tano alipewa Kilima cha Dodozi. Mvua ikakichukua kilima, jina likabaki. Wa Sita alishindana na kaka yake miaka kumi na sita juu ya nani aketi kulia, na kiti kikaoza. Wa Saba alikufa siku moja na baba yake, na haijulikani nani alitangulia, kwa hiyo husomwa kwa sauti ya chini. Wa Nane alitafutwa mbali, akakutwa anauza mkaa. Akaoshwa. Wa Tisa hakufanya kosa. Wa Kumi, baba yangu, hakufanya lolote."

Katika kitabu cha Fumbwe nasaba hiyo ni kurasa arobaini, na zilisomwa zote, pamoja na shemeji. Jua lilihama kutoka ukuta huu hadi ukuta ule. Kidawa alikuwa akiuma upindo wa kanga.

"Umesikia," Mwinyimvua akasema mwishoni.

"Nani?" Shekigenda akauliza.

"Mfupa."

"Mtukufu, nikuulize kwa heshima. Umewahi kuunga mfupa?"

"Mimi ni wa Kumi na Moja."

"Hilo nimelisikia tangu asubuhi. Nauliza mfupa."

Mwinyimvua akafikiri. Hakukasirika, na hilo Shekigenda alilikumbuka baadaye. "Baba yangu," akasema, "alimfahamu mtu aliyewahi kumwona mtu aliyeona." Akamtazama Kidawa mkekani, akautazama ule mkono, halafu akautazama mkono wake mwenyewe uliokunjika. "Huwa unaacha kuuma," akamwambia Kidawa, polepole. "Baada ya mwaka mmoja." Kisha watumishi wakambeba kwenye machela yake, wakaondoka.

Shekigenda hakula jioni ile. Alijua siku zake. Mfupa wa mtu mzima hukupa siku chache za kuupata ukiwa bado unakubali kusogea, na moja alikuwa ameipoteza yeye kwa kuteleza, ya pili imesomwa. Asubuhi alikwenda kwenye Baraza, ambako wenye namba huketi kila siku kujadili nani aketi wapi.

Karani Fumbwe ndiye aliyekuwa akishika Kitabu cha Vizazi mle ndani pia. Shekigenda akamwendea moja kwa moja.

"Karani, nataka kushushwa."

"Kushushwa nini?"

"Namba. Nataka kuwa wa Kwanza."

Fumbwe akamtazama kama anatazama mtu aliyeomba kupigwa. "Hajawahi kuomba mtu," akasema. "Huwa ni adhabu."

"Nisomee basi hiyo adhabu."

Karani akafunua. Alikuwa mtu wa kitabu, na mtu wa kitabu akiulizwa kilichoandikwa hawezi kukaa kimya. "'Mwenye namba atakayevua mifuko mbele ya Baraza,'" akasoma, "'atarudishwa kuwa wa Kwanza wa Nyumba yake, na atalazimishwa kutenda kama alivyotenda wa Kwanza, ili aone haya.'"

"Na wa Kwanza wa Mfupa alitenda nini?"

Baraza zima likaanza kukohoa.

"Soma, karani," Shekigenda akasema, akipaza sauti juu ya vikohozi.

"'Mfalme aliteguka mguu kwenye mtaro,'" Fumbwe akasoma huku masikio yake yakiwa mekundu. "'Naye, akiwa mchunga mbuzi, alikishika kifundo cha mguu cha Mfalme kwa mikono yake, akakirudisha mahali pake.'"

"Basi," Shekigenda akasema.

Akapandisha mkono mdomoni, akang'ata kamba. Lile fundo la hovyo lilimchukua muda, na kwa muda huo wote hakuna aliyemzuia, maana kumzuia mtu kunahitaji mikono. Mfuko wa kwanza ukaanguka. Wa pili akaufungua kwa vidole. Mzee mmoja wa Nyumba ya Kiatu aliziba macho.

"Andika," Shekigenda akasema.

Fumbwe akaandika.

Hapo ndipo mjadala ukaanza. Msemaji wa Nyumba ya Mwavuli alisimama akasema kwamba ikiwa huyu sasa ni wa Kwanza wa Mfupa, basi Mwinyimvua, wa Kumi na Moja, ni mjukuu wake wa vizazi kumi chini, na inampasa amwite babu. Wa Kiatu akauliza itakuwaje babu akazaliwa mwaka mmoja na mjukuu. Wa Mwavuli akasema kwamba Nyumba ya Kiatu haina haki ya kushangaa juu ya uzazi wa watu. Wakaanza kusomeana. Mwinyimvua aliketi na mkono wake kifuani, akitazama ile mifuko miwili sakafuni.

Shekigenda aliiokota, akatoka. Fumbwe akamfuata mbio, kitabu kikiwa begani kama jeneza, kwa kuwa sheria inamtaka karani aandike tendo la wa Kwanza pale pale linapotendeka, na tangu aajiriwe hakuna tendo lililowahi kutendeka.

Kidawa aliwaona wakiingia uani, akaona mikono mitupu ya Shekigenda, akajaribu kuinuka.

"Umefanya nini wewe!"

"Nimeshushwa. Tulia. Karani, simama pale usiniwekee kivuli."

"Ni halali?" Kidawa akamuuliza karani.

"Ni lazima," Fumbwe akasema akihema. "Asipofanya ndiyo kosa."

Shekigenda akaketi mkekani. Akapitisha vidole kwenye uvimbe, taratibu sana, macho yake yakiwa ukutani kama mtu anayesikiliza habari za mbali. Akamwita jirani mmoja, mwanamume wa hivihivi mwenye mguu uliopinda, amshike Kidawa kiwiko.

"Utaniumiza?" Kidawa akauliza.

"Nitakuumiza."

"Mwingine angeniambia hapana."

"Mwingine alikusomea jana kutwa. Uma kanga."

Akavuta. Alivuta kwa uzito wa mwili, si kwa nguvu ya mikono, mpaka nyama ikaachia, na pale ilipoachia akausukuma mfupa kwa dole gumba, kidogo tu. Ukalia kama mlango unaofungwa na mtu mwenye adabu. Jirani wa mguu uliopinda akaanza kulia machozi, na hakuna aliyemuuliza sababu. Shekigenda akatoa fito za mianzi mkobani, akazipanga. Vitambaa alivyokuwa navyo havikutosha. Akaichukua ile mifuko yake miwili ya heshima, akaipasua vipande virefu, akafunga nayo.

"Kitambaa kizuri," akasema. "Nilijua kina kazi."

Fumbwe akaandika: *Umeungwa na wa Kwanza.* Akapuliza wino.

Baraza lilitoa uamuzi baada ya siku tisa. Iligundulika kwamba wa Kwanza wa kila Nyumba ni marehemu, bila kuacha hata mmoja. Kwa hiyo Shekigenda naye aliandikwa marehemu, na suala la babu likaisha. Fumbwe alikuja kumpa taarifa.

"Nimekufa lini?" Shekigenda akauliza.

"Wameandika 'zamani.'"

"Naruhusiwa kukaa mpaka nimfungue huyu dada?"

"Marehemu hana ruhusa wala katazo," karani akasema. Kisha akabaki amesimama, akikizungusha kile kidole chake kilichopinda. "Hiki je?"

"Hicho kimechelewa. Lakini ukivunja kingine, njoo siku hiyohiyo."

Habari ikaenea kwamba kwa Kidawa kuna marehemu anayenyoosha viungo. Watu wa hivihivi wakaanza kuja, na kwa kuwa kila tendo la wa Kwanza lazima liandikwe, Fumbwe alihamishia meza yake mlangoni. Kidawa, mkono wake kifuani, alikuwa akiwapangia foleni na kuwakaripia.

"Ninyi mnaochechemea msimame, mmeshazoea. Waliovunjika jana wakae. Wewe mama, huo ni uchovu, si mfupa. Nenda nyumbani."

Ndivyo zilivyopita wiki saba.

Asubuhi ya kufunguliwa fito, Kidawa aliweka kigoda mbele ya mlango mwenyewe na kukikalia kabla mtu mwingine hajafika. Shekigenda akafungua vile vitambaa, ambavyo sasa vilikuwa rangi ya udongo. Mkono ukatoka mwembamba, umepauka, umenyooka.

"Geuza kiganja juu."

Akageuza.

"Chini."

Akageuza. Kisha, bila kuambiwa, akainuka, akaenda kwenye lundo la udongo, akachota konzi, akaubana. Udongo ukatoka katikati ya vidole vyake. Akaubana tena. Aliendelea kuubana kwa muda mrefu akiwa amewapa mgongo.

Ndipo machela ikaonekana njiani. Ilishushwa mbali kidogo, na Mwinyimvua akatembea sehemu iliyobaki kwa miguu. Watumishi wake hawakumfuata. Mfuko wa mkono wake wa kushoto haukuwapo. Lazima aliomba msaada kwa mtu, kwa sababu kamba ilikuwa imekatwa kwa kisu. Mkono uliokuwa ndani ulikuwa mweupe kama mzizi, na ulipinda mahali ambapo hapana kiungo.

Akasimama nyuma ya kigoda cha Kidawa.

"Babu," akamwambia Shekigenda. "Nilianguka nikiwa na miaka sita. Walinisomea siku mbili."

Shekigenda aliupokea ule mkono, akaupitishia vidole, macho ukutani.

"Nitalazimika kuuvunja upya."

"Najua."

"Na utauma kuliko mwanzo."

"Nilimwona yule mama siku niliyomsomea," Mwinyimvua akasema. "Hakupiga kelele sana."

"Nilipiga!" Kidawa akasema kutoka kwenye udongo. "Ninyi mlikuwa mnakohoa."

Fumbwe alikuwa ameinamia kitabu mezani kwake, akipiga mstari wa ukurasa mpya. Hakuinua uso. Alinyoosha kalamu tu.

"Anayefuata. Wa ngapi?"

Mwinyimvua akakitazama kigoda kilichokuwa wazi. Akamtazama Kidawa, aliyetangulia.

"Wa pili," akasema.

Kalamu ikasimama. Karani akainua uso, akamwona aliyesema, na mkono wake ukaenda wenyewe kutafuta kofia.

"Wa Pili wa nini, Mtukufu?"

"Wa mfupa," Mwinyimvua akasema, akaketi, akauma upindo wa joho lake.